Klabu Ndogo Huishije? Habari za Mpira wa Uingereza Nje ya Ligi

Kabla hatujaanza, namwomba kiongozi wa kila darasa aandike ubaoni maneno matatu: KIINGILIO, DAFTARI, UWANJA. Nawe uliyekosa kusikia redio, unayesoma somo hili katika karatasi, yaandike maneno hayo pembeni. Tutayarudia mara kwa mara, na mwisho wa somo utaona kwa nini nimeyachagua.

Leo tutasafiri mpaka Uingereza. Najua wengi wenu ni wapenzi wa mpira, na majina ya klabu kubwa za huko mnayataja kama majina ya jirani zenu. Lakini leo hatuzungumzi habari za wakubwa. Tunazungumza habari za wadogo: klabu zinazocheza katika miji midogo, mbele ya watu mia mbili au mia tatu, siku ya Jumamosi, mara nyingi katika mvua. Swali letu ni hili: klabu kama hiyo huishije? Na kwa nini nyingine hufa?

KARATASI ILIYOUZWA

Mwezi wa Julai mwaka 2011, katika jiji la London, karatasi kuukuu ziliuzwa mnadani. Zilikuwa mali ya klabu iitwayo Sheffield F.C. Miongoni mwake zilikuwamo kanuni za mchezo wa mpira zilizoandikwa kwa mkono mwaka 1858, kijitabu cha kanuni hizo kilichopigwa chapa mwaka 1859, na madaftari ya mikutano ya kwanza ya klabu. Zilinunuliwa kwa pauni 881,250.

Sheffield F.C. iliundwa tarehe 24 Oktoba 1857, na inatambuliwa duniani kuwa klabu ya mpira iliyo ya zamani kuliko zote. Waanzilishi wake wawili, Nathaniel Creswick na William Prest, waliona kwamba kila mtu alicheza kwa desturi yake, basi wakaketi wakaandika kanuni. Mwaka 2007, klabu ilipotimiza miaka 150, Inter Milan ya Italia ilikuja Sheffield kucheza nayo, na Pelé mwenyewe alikuwapo.

Utasema, klabu yenye heshima namna hiyo lazima ni tajiri. La, sivyo. Sheffield F.C. haikupata kuingia katika Ligi kubwa ya Uingereza hata mwaka mmoja. Kwa miaka mingi haikuwa na uwanja wake yenyewe. Ilipanga huku na huku, mpaka mwaka 2001 ilipohamia uwanja ulio kando ya baa katika mji mdogo wa Dronfield. Watazamaji wake ni mamia tu. Kwa hiyo ilipohitaji fedha za kujenga na kuendelea, ilitazama ndani ya sanduku lake, ikaona kitu kimoja chenye bei, nacho ni maandishi ya wazee wake. Ikayauza.

Je, walifanya vizuri au vibaya? Weka swali hilo moyoni. Darasa litalijadili baadaye. Kwanza tujifunze sababu ya shida yenyewe.

HESABU YA MLANGONI

Chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano wangu, si hesabu ya klabu fulani.

Tuseme klabu ina watazamaji 200 kwa kila mechi ya nyumbani. Kila mmoja hulipa KIINGILIO cha pauni 10. Mara moja hiyo ni pauni 2,000. Ikiwa ligi yao ina timu 22, basi kila timu hucheza mechi 21 nyumbani na 21 ugenini. Zidisha 2,000 kwa 21: utapata pauni 42,000 kwa mwaka mzima.

Sasa tuseme klabu ina wachezaji 20, na kila mmoja hupewa pauni 50 kwa juma. Hiyo si mshahara wa kulisha nyumba. Ni posho ya mtu ambaye mchana hufundisha shule, au huendesha lori, au hujenga nyumba. Wachezaji 20 kwa pauni 50 ni pauni 1,000 kwa juma. Kwa majuma 40 ya mashindano ni pauni 40,000.

Toa 40,000 katika 42,000. Zimebaki pauni 2,000. Na bado hatujalipa waamuzi. Hatujalipa basi la kwenda ugenini mara 21. Hatujanunua mipira, wala dawa ya kuchua, wala sabuni ya kufulia jezi. Hatujalipa umeme wa taa za uwanjani, wala bima, wala maji. Pauni 2,000 haziwezi kufanya yote hayo.

Basi kumbuka jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu: klabu ndogo haiishi kwa fedha za mlangoni peke yake. Ikisema itaishi kwa kiingilio tu, imekwisha. Sasa tuone katika historia iliishi kwa kitu gani.

WALIOINGIA NA WALIOBAKI NJE

Chama cha mpira cha Uingereza kiliundwa mwaka 1863. Hapo mwanzo mchezaji hakuruhusiwa kulipwa. Lakini katika miji ya viwanda ya kaskazini watu walijaa viwanjani, na klabu zikaanza kulipa wachezaji kwa siri. Mwaka 1885 chama kilikubali, ikawa halali kumlipa mchezaji. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, klabu 12 zilifanya Ligi yao ili ziwe na mechi za hakika kila juma na mapato ya hakika. Ligi ile ikakua, na kwa muda mrefu sasa ngazi nne za juu za mpira wa Uingereza zimekuwa na klabu 92 hivi.

Klabu nyingine zote, maelfu kwa maelfu, zilibaki nje. Ndizo zinazoitwa klabu za nje ya Ligi. Usidhani kwamba hazina mpango. Nazo zina ligi zao, moja chini ya nyingine kama vipandio vya ngazi. Ligi ya Kaskazini ilianza mwaka 1889, mwaka mmoja tu baada ya Ligi kubwa. Nyingine iliyoitwa Isthmian ilianza mwaka 1905 huko London na pande zake, nayo ilikuwa ya watu wa ridhaa, yaani wachezaji wasiolipwa. Wenye ligi hiyo walisema heshima peke yake yatosha, na hapo mwanzo hata kombe hawakulitoa.

Siwezi kuwaambia kwamba wote walikuwa watakatifu. Wako wachezaji wa ridhaa ambao baada ya mechi walikuta noti ndani ya viatu vyao. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Hata hivyo mchezo wa ridhaa ulipendwa sana. Kombe lao lilianza msimu wa 1893–94. Mwaka 1951, fainali ya kombe hilo ilichezwa katika uwanja wa Wembley mbele ya watu 100,000. Hebu fikiri: watu laki moja kutazama wachezaji wasio na mshahara!

Katika fainali hiyo timu moja ilikuwa Bishop Auckland, kutoka mji mdogo wa kaskazini, katika nchi ya machimbo ya makaa ya mawe. Klabu hiyo ilitwaa kombe la ridhaa mara 10, na mara tatu zilifuatana: 1955, 1956 na 1957. Nitawaambia kisa chake kimoja. Mwezi wa Februari 1958 ndege iliyowachukua wachezaji wa Manchester United ilianguka Munich, Ujerumani. Watu 23 walikufa, wachezaji 8 miongoni mwao. Klabu ile kubwa ikabaki bila watu wa kutosha. Nani alisaidia? Bishop Auckland. Waliwapa wachezaji wao watatu ili wajaze nafasi katika timu ya akiba. Mmoja wao, Warren Bradley, aliendelea mpaka akacheza timu ya kwanza na hata timu ya taifa.

Miaka 38 ikapita. Mwaka 1996 Bishop Auckland ilikuwa taabani kwa fedha. Manchester United ikaenda kucheza nayo mechi ya kirafiki ili mapato yaiokoe. Wahenga walisema, wema hauozi.

WATU WASIOONEKANA

Turudi katika hesabu yetu. Pauni zilizopungua hutoka wapi?

Kwanza, hutoka katika mikono ya watu. Ukienda katika uwanja mdogo wa Uingereza asubuhi ya Jumamosi, utakuta mzee anapiga chokaa mistari. Utakuta mama anachemsha maji ya chai na kupasha moto pai za nyama. Mwingine anakunja jezi alizofua nyumbani kwake. Kijana anauza kijitabu cha mechi. Mwalimu mstaafu ameketi mlangoni na sanduku la chenji. Hakuna hata mmoja anayelipwa. Kama klabu ingelazimika kuwalipa wote hao, ingefungwa kabla ya mwezi kwisha. Kazi yao haiandikwi katika vitabu vya hesabu, lakini ni fedha.

Pili, hutoka katika vyama vya wapenzi. Mwaka 1927 vyama vya wapenzi wa klabu mbalimbali viliungana, na neno lao likawa hili: kusaidia, si kuzuia. Walichanga senti kwa senti, wakajenga majukwaa, wakatia mapaa, wakanunua taa. Lakini mara nyingi wakubwa wa klabu walipokea fedha zao bila kuwapa kiti katika halmashauri. Fedha zao zilitakiwa. Maneno yao hayakutakiwa. Jambo hilo litarudi mbele.

Tatu, hutoka katika bahati nasibu. Sheria ya mwaka 1956 iliviruhusu vyama, pamoja na vya michezo, kuendesha bahati nasibu ndogo. Wajumbe wakapita nyumba kwa nyumba wakiuza tikiti. Mtu ambaye hakuja uwanjani hata siku moja sasa aliweza kuisaidia klabu kwa senti zake chache kila juma.

Nne, hutoka katika nyumba ya klabu. Klabu nyingi zilijenga ukumbi wenye baa kando ya uwanja. Jumamosi ni mpira, lakini Ijumaa ni arusi, Jumapili ni hitima, Jumatano ni mkutano wa wazee. Bia na soda za siku saba hulipa gharama za saa mbili za mpira.

Msaada wa namna hii ulihitajika zaidi kila mwaka, maana watazamaji walikuwa wakipungua. Mwaka 1961 kanuni ya kuzuia mshahara wa mchezaji usizidi pauni 20 kwa juma iliondolewa, na klabu kubwa zikaanza kulipa zaidi. Mwaka 1964 televisheni ilianza kuonyesha mechi kubwa usiku wa Jumamosi. Watu wakapata magari, wakaweza kwenda mji mkubwa, au kukaa nyumbani. Fainali ya mwisho ya kombe la ridhaa ilichezwa mwaka 1974 mbele ya watu 30,000 hivi tu. Mwaka huohuo chama cha mpira kikafuta tofauti ya mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Siku za noti ndani ya kiatu zikaisha. Sasa kila posho iliweza kuandikwa katika DAFTARI.

SIKU YA BAHATI

Liko jambo jingine linaloziokoa klabu ndogo, nalo ni Kombe la chama cha mpira, lililoanza msimu wa 1871–72. Humo mdogo aweza kupangiwa mkubwa. Na kanuni iliyodumu miaka mingi ni kwamba, baada ya kutoa gharama, timu mbili hugawana mapato ya mlangoni: asilimia 45 kwa mwenyeji, asilimia 45 kwa mgeni, na asilimia 10 kwa mfuko wa pamoja. Klabu ya watu mia mbili ikienda kucheza ugenini mbele ya watu elfu hamsini, hurudi na fedha za miaka kadhaa, hata kama imefungwa mabao kumi.

Mwezi wa Januari 1949, Yeovil, klabu ya nje ya Ligi yenye uwanja mashuhuri kwa mteremko wake, iliifunga Sunderland 2–1. Wakubwa wale walipanda mlima na kushuka bonde wakashindwa. Kisha Yeovil ikapangiwa Manchester United, na watu 81,565 wakaja kutazama. Yeovil ilifungwa 8–0. Je, walilia? Nadhani mweka hazina hakulia.

Lakini sikiliza vizuri: bahati si mshahara. Mvua ya siku moja hujaza pipa, haifanyi mto. Klabu yenye akili huchukua fedha za Kombe ikatengeneza paa, ikalipa deni, ikachimba kisima. Klabu isiyo na akili huzichukua ikaajiri wachezaji wa bei kubwa, na mwaka unaofuata bahati haiji, lakini mishahara inadaiwa.

ZILIZOKUFA

Sasa tutazame makaburi.

La kwanza ni Accrington Stanley. Hii ilikuwa klabu ndogo iliyokuwa ndani ya Ligi. Mwaka 1958 ilinunua jukwaa kuukuu lililotumika katika maonyesho ya jeshi huko Aldershot, upande wa kusini kabisa. Jukwaa lenyewe lilikuwa rahisi, lakini kulisafirisha na kulisimamisha kuligharimu mara nyingi zaidi ya bei yake. Ni kama mtu aliyepewa ng'ombe wa bure, akauza shamba ili amfikishe nyumbani. Madeni yakazidi. Mwezi wa Machi 1962, msimu ukiwa haujaisha, klabu ikajitoa katika Ligi, na mechi zake zote zikafutwa kana kwamba hazikuchezwa. Mwaka 1966 ikafa kabisa. Watu wa mji wakaianzisha upya mwaka 1968, wakaanza chini kabisa. Walirudi katika Ligi mwaka 2006. Hesabu mwenyewe: tangu 1962 mpaka 2006 ni miaka 44.

La pili ni Maidstone United. Mwaka 1988 klabu hii iliuza UWANJA wake. Ikaenda kupanga katika uwanja wa jirani zake wa Dartford. Mwaka 1989 ilipanda ikaingia Ligi, watu wakashangilia. Lakini nyumbani hapakuwapo. Mtazamaji wa Maidstone alipaswa kusafiri ili aione timu ya mji wake, na gharama zilipanda. Mwaka 1992 klabu ikafa. Na Dartford je? Nayo ikapoteza uwanja uleule. Mpangaji alianguka, akamwangukia mwenye nyumba.

La tatu ni Scarborough. Zamani, klabu ya nje ya Ligi haikuweza kuingia Ligi kwa kushinda tu. Ilipaswa kupigiwa kura na klabu zilizo ndani, na aliye ndani hapendi kumwamsha aliye nje. Mwaka 1987 mlango ulifunguliwa: bingwa wa nje apande bila kura. Wa kwanza kupita alikuwa Scarborough. Lakini mlango uliofunguliwa huleta tamaa pia. Mtu huona ngazi mbele yake akasahau kutazama mfuko. Miaka 20 baadaye, mwaka 2007, Scarborough ikafungwa kwa madeni.

Umeona, msomaji? Hakuna hata moja katika hizo tatu iliyokufa kwa sababu watazamaji wake walikuwa wachache tu. Ziko klabu zenye watazamaji wachache kuliko hao, nazo zingali hai. Accrington ilinunua isichoweza kulipa. Maidstone iliuza isichoweza kununua tena. Scarborough ilibeba madeni mazito kuliko kipato chake. Uchache wa watu ni umaskini, na umaskini huweza kuvumiliwa. Deni lisilotazamwa ndilo linaloua.

WENYE KLABU NI NANI?

Mwaka 1999 klabu ya Enfield, kaskazini mwa London, iliondoka katika uwanja wake uliokuwa umeuzwa. Wapenzi wakangoja ahadi ya uwanja mpya. Walipochoka kungoja, mwaka 2001, wakaunda klabu yao wenyewe, Enfield Town, inayomilikiwa na wanachama. Kila mwanachama ana kura moja, mwenye fedha nyingi na mwenye chache sawasawa. Mwaka 2002 wapenzi wa Wimbledon wakafanya vivyo hivyo baada ya klabu yao kuruhusiwa kuhamia mji mwingine, nao mwaka 2011 wakafika katika Ligi. Watu wa Scarborough nao walianzisha klabu mpya mwaka uleule wa msiba, 2007. Ilibidi wacheze miaka 10 katika mji mwingine kabla ya kurudi kwao mwaka 2017.

Mnakumbuka wale wa mwaka 1927, waliotoa fedha bila kupewa kiti? Hapa ndipo jambo lilipogeuka. Watu walisema: ikiwa sisi ndio tunaochanga, tunaofua jezi na kupiga chokaa, basi na daftari tulione sisi.

Na Maidstone? Vijana wachache waliobaki walianza tena katika ligi za chini. Kwa miaka mingi hawakuwa na uwanja wao wenyewe katika mji wao. Mwaka 2012 walirudi katika uwanja mpya, mdogo, wenye majani ya bandia. Majani ya bandia yana faida gani? Uwanja wa majani ya kawaida ukichezewa mara mbili kwa juma huchoka, hasa wakati wa mvua na baridi. Wa bandia huchezewa kila siku, asubuhi mpaka usiku. Shule hukodi, watoto hufanya mazoezi, vijana wa mtaani hulipa kwa saa. Uwanja uliokuwa ukifanya kazi saa mbili sasa unafanya kazi juma zima. Mwezi wa Januari 2024, Maidstone, klabu ya ngazi ya sita, iliifunga Ipswich Town 2–1 katika Kombe. Klabu iliyouza uwanja ikafa, na iliyopata uwanja ikaishi.

TIKITI ZA MECHI ISIYO NA WATAZAMAJI

Nitamaliza kwa kisa kimoja. Katika mji wa Crosby, karibu na Liverpool, iko klabu iitwayo Marine, iliyoundwa mwaka 1894. Uwanja wake umebanwa na nyumba za watu, hata mpira huangukia katika bustani zao. Msimu wa 2020–21 Marine ilikuwa ngazi ya nane. Ikashinda katika Kombe raundi baada ya raundi, mpaka ikapangiwa Tottenham Hotspur nyumbani. Hiyo ndiyo siku ya bahati niliyowaambia.

Lakini ilikuwa wakati wa ugonjwa wa korona, na watazamaji walikatazwa viwanjani. Mlango umefungwa, na kiingilio hakuna. Klabu ikauza tikiti ambazo hazikumwingiza mtu popote, kila moja kwa pauni 10. Aliyenunua alijua kwamba hataketi katika jukwaa, kwamba ananunua ili klabu isife. Tikiti 30,697 zikauzwa, nyingi kwa watu wasioijua njia ya kwenda Crosby. Tarehe 10 Januari 2021 Marine ilifungwa 5–0. Siku hiyo katika viti hapakuwa na mtazamaji, na katika daftari palikuwa na zaidi ya pauni laki tatu.

Ndugu zangu, tuyatazame maneno yetu matatu ubaoni. KIINGILIO ni kidogo, nacho hakitoshi. UWANJA ni nyumba. Asiyekuwa nayo hana pa kuuzia hata kikombe cha chai. Na DAFTARI ni macho ya klabu. Creswick na Prest waliandika kanuni zao vizuri mwaka 1858, na baada ya miaka 153 maandishi yao yakaifaa klabu yao kuliko viingilio vya miaka mingi. Labda nawe umo katika chama, cha mpira, au cha ushirika, au cha kuzikana. Mwaka jana hukuweza kusoma daftari la mweka hazina. Mwaka huu waweza. Katika mkutano ujao, liombe kwa heshima, ulisome kwa sauti, mstari kwa mstari, wote wasikie.

Kwaherini. Tuonane juma lijalo.

MASWALI YA DARASA

1. Sheffield F.C. iliuza nini mwaka 2011? Je, ungekuwa mwanachama wake ungekubali? Toa sababu.

2. Klabu ina watazamaji 150, na kila mmoja hulipa pauni 8. Ikicheza mechi 21 nyumbani, itapata pauni ngapi kwa mwaka?

3. Marine iliuza tikiti 30,697 kwa pauni 10 kila moja. Jumla ni pauni ngapi?

4. Taja njia nne ambazo klabu ndogo hupata msaada mbali na kiingilio.

5. Accrington, Maidstone na Scarborough zilikufaje? Andika sentensi moja kwa kila klabu.

6. Katika kijiji au mtaa wenu, ni kazi gani zinazofanywa na watu wasiolipwa? Kama zingelipwa, zingegharimu kiasi gani? Fanyeni hesabu pamoja ubaoni.